Mtaro wa Nyuma kwa Bi Kazija

Leo ni siku ya tisini na moja nimo ndani, nakaa eda ya mume wangu, na nimeshachoka kuutazama ukuta wa jirani. Chumba changu hapa Kikwajuni kina dirisha moja tu, na dirisha lenyewe linaangalia ukuta wa nyumba ya pili, ambao haujapakwa chokaa tangu nilipoletwa hapa bi harusi. Sijitii manukato, sipaki wanja, sivuki mlango. Wanaokuja kunitazama huniambia nisubiri. Nani kawaambia sisubiri? Zimebaki siku thelathini na kitu, itategemea mwezi utakavyoandama.

Mume wangu aliitwa Ubwa na kazi yake ilikuwa kutembea. Ndivyo alivyosema mwenyewe siku alipokuja kuposa, na baba yangu nusura amfukuze akidhani kaletewa mzururaji. Nitamsema leo kwa wema wake na kwa ubaya wake, kwa sababu kuna mwanamke aliyekaa miaka mitatu chini ya paa linalovuja kwa ajili ya hatua sitini na tatu alizozizunguka mume wangu, na mimi nisingeweza kukaa eda ya mtu huyo kwa raha huku namsifu tu.

Katika ofisi ya ramani wako wanaokaa mbele ya kompyuta wakachora, na wako wanaokwenda kuyaona yanayochorwa. Ubwa alikuwa wa hao wa pili. Alianza kijana, kazi yake kumshikia mpimaji fito, akaishia kukabidhiwa kifaa cha mkononi kinachosikiliza setilaiti. Unakiwasha, unatembea, na kila hatua chache kinaweka nukta. Ukirudi ofisini nukta zinaunganishwa zinakuwa mstari, na mstari huo ndio mpaka wa shehia. Ukiwa huku, sheha wako ni fulani. Ukiwa kule, ni mwengine. Na kwetu sisi, bila ya barua ya sheha hupati kitambulisho, hupati hata kibali cha kujenga choo.

Alikuwa na adabu mpaka inaudhi. Hapiti uwanja wa mtu bila ya hodi tatu, hata kama waliomo ni mbuzi watupu. Njiani akikutana na wanawake wanateka maji, atasimama mbali akitazama mawingu mpaka wajaze ndoo zao wote. Na kila kitu alikihesabu kwa hatua. Kutoka mlangoni petu mpaka msikitini ni hatua mia nne na kumi na mbili. Nilipokuwa na mimba ya mwanetu wa pekee, Mundhir, alinihesabia njia ya hospitali na kunionesha mahali pa kupumzika, penye kivuli na baraza. Siwezi kusema hakunipenda.

Lakini miaka ishirini na saba alikuwa kibarua. Kila mwaka aliambiwa ataajiriwa mwakani, na mwakani ikifika inakuwa mwakani tena. Nguo za kazi alinunua mwenyewe, viatu vikimtoboka alijishonea mwenyewe. Nilimuona akizeeka ndani ya neno moja.

Miaka mitatu nyuma ukaja mpango mpya wa mji. Mji ulikuwa unatanuliwa, na kulitakiwa mpaka kati ya shehia mbili za pembezoni: Mtopetope, ambayo itaingia mjini na kupata barabara na vibali vya ujenzi, na Pangajuu, ambayo ina visima tunavyonywea maji sote, kwa hiyo haitajengwa tena na nyumba zilizomo haziruhusiwi kuongezwa wala kuezekwa upya. Ubwa ndiye aliyepelekwa. Mkuu wake alimwambia, mpaka huu ukikaa sawa, ajira iko mezani.

Kweli ikaja. Wiki moja tu baada ya kumaliza kutembea, alirudi na barua ya ajira ya kudumu. Nikapika pilau. Akalichezea kwa vidole kama mgonjwa.

"Wewe mtu wa ajabu," nikamwambia. "Ukikosa unanuna, ukipata unanuna."

"Nshashiba, Nadhira," akanijibu, na sahani imejaa.

Tangu hapo mvua ikinyesha alikuwa hali chakula. Nilidhani ni tumbo. Nikamchemshia tangawizi, nikamchemshia mdalasini, nikampeleka kwa daktari, daktari akasema ni presha. Masika yakiingia alitoka na baiskeli, mara moja tu, akarudi kimya. Nilimshuku mke wa pili. Naona haya kulisema sasa, lakini nilimpekua mifuko.

Alifariki mchana wa Jumanne, amekaa kwenye kiti akivaa viatu. Msikitini, kabla ya kusaliwa, Mundhir alisimama mbele ya watu akasema lile linalosemwa kwa kila maiti wetu: aliye na haki yake kwa marehemu aje kwetu sisi watu wake, au amsamehe. Hakujitokeza mtu. Wanawake walioletewa habari ndani walitingisha vichwa wakaniambia, mumeo kaondoka mwepesi. Na mimi nikaona fahari.

Siku ya kumi na mbili akaja mwanamke nisiyemjua. Mtu mzima, mrefu, mkononi kashika mkate wa kumimina uliofungwa kwa kitambaa. Akasema anaitwa Kazija, ametoka Mtopetope, na kachelewa kuja kwa sababu hakuna aliyempa habari.

"Marehemu alikuwa mtu wa kheri, Bi Nadhira," akasema. "Kila masika akiniletea turubai la kufunika paa. Miaka mitatu. Anabisha hodi, analiweka mlangoni, anakwenda zake. Hata maji hanywi."

Nilimtazama vizuri. Hapo pana mke mwenzangu, nikajiambia, na ana miaka sitini na tano.

"Akikujuaje?" nikamuuliza.

"Sijui. Labda kwa kunihurumia. Nyumba yangu imekwama." Akakaa sawa mkekani, maana lilikuwa jambo la kukalia. "Paa limeoza. Watoto wangu walioko Jambiani washachanga mabati, yapo yameegemezwa ukutani tangu mwaka juzi. Nikenda kuomba kibali naambiwa nyumba yangu imo Pangajuu. Mie nimezaliwa Mtopetope, nimeolewa Mtopetope, mume wangu Sleiman kafia Mtopetope. Sheha wa Mtopetope ananambia, wewe si mtu wangu, tazama ramani. Sheha wa Pangajuu ananambia, barua ntakupa, ila kibali huku hakitoki. Nalala chumba kimoja, kile cha mbele. Vyengine vyote ni maji."

"Hukuweka pingamizi?"

"Ramani ilibandikwa kwa sheha siku thelathini, mwenye neno aseme. Mie nlikuwemo edani, mamaangu. Siku Sleiman aliponitoka ndio kwanza walikuwa wanapima. Nilipotoka nikaambiwa ishapita. Sasa wanasema ipo ramani ya mwisho, inafungwa mwezi huu, nilete ushahidi kuwa mpaka ni mtaro wa nyuma. Ushahidi gani? Mtaro haubebeki."

Aliposema eda, nikazikumbuka hodi tatu za mume wangu. Nilimjua Ubwa. Nilimjua kuliko alivyojijua. Bi Kazija alipoondoka nililivuta sanduku la bati lililo chini ya kitanda, mnamokaa madaftari yake ya kazi, nikatafuta la mwaka ule.

Mwandiko wake ulikuwa mdogo, umelala kushoto. Ukurasa wenyewe nimeshausoma mpaka naujua kwa moyo: "Mtaro wa mpaka unapita ndani ya ua wa nyuma wa nyumba ya marehemu Sleiman. Uani yumo mjane, anakaa eda. Nimebisha hodi, mwanamke kajibu hapaingiliki. Mimi na Sheha Mcha tumezunguka kwa mbele, hatua 63, tukaurudia mtaro penye mfenesi. Kifaa kimesoma njia ya mbele, nyumba imeangukia Pangajuu. Mpaka wa kweli ni mtaro. KUREKEBISHA." Neno la mwisho kalipigia mistari miwili.

Chini yake, kwa wino mwengine: "Mkuu kachukua kifaa adhuhuri. Ramani inatakiwa kesho. Nimetia saini fomu."

Fomu naijua, alikuwa akija nazo nyumbani. Inasema: nimeutembea mpaka huu wote kwa miguu yangu, sikuukwepa popote.

Nikaendelea kufunua. Masika ya kwanza: "Turubai, Mtopetope. Nitasema baada ya Idi." Masika ya pili: "Turubai. Nitasema baada ya Idi." Ya tatu, hivyo hivyo. Idi tatu tulikula sote biriani ndani ya nyumba hii, na yeye amekaa pale mbele yangu na hilo ndani yake.

Siku saba za mwanzo nilimlilia. Siku hiyo nilimkasirikia, nikamwambia maneno kwa sauti, peke yangu, ambayo mjane hapaswi kuyasema. Angetamka tu! Angeniambia mimi, ningekwenda mwenyewe kwa huyo mkuu wake nimuoneshe mtaro. Lakini angesema, saini yake ingekuwa ya uongo, na ajira aliyoingoja miaka ishirini na saba ingekwenda. Asiposema, mvua inanyesha. Alijifungia humo mwenyewe, na kila mwaka akazidi kukaza kufuli. Mficha maradhi, kifo humuumbua.

Nikamwita Mundhir. Ana miaka ishirini na minane, anakata tiketi bandarini, na kwa baba yake hasikii la mtu.

"Msikitini ulisemaje?" nikamuuliza.

"Nlisema mwenye haki yake kwa baba aje, au amsamehe."

"Basi kaja." Nikampa daftari.

Alisoma amesimama. Alipomaliza alilifunga taratibu na kulirudisha sandukuni, akalisukuma sanduku chini ya kitanda kwa mguu.

"Mama, baba kazikwa na sifa njema. Mtaa mzima unamsifu. Unataka ofisini wamseme muongo? Maiti husitiriwa."

"Husitiriwa kwa sanda, mwanangu, si kwa paa la mtu."

"Mimi sitii saini kuwa baba yangu kasema uongo." Akatoka. Siku tatu alikuwa akinisabahi kutoka mlangoni tu, jicho lake chini.

Nikampigia simu Sheha Mcha, yule aliyetembea naye. Ameshastaafu, yuko Kizimkazi kwa mwanawe. Mwanzo alikohoa sana. Kisha akasema miaka mitatu ni mingi, na yeye alikuwa akimfuata mwenye kifaa tu. Ati anamfuata! Sheha wa miaka ishirini ndani ya shehia yake anamfuata mgeni.

Nikaipiga picha ile karatasi kwa simu, nikaituma ofisini kwake Ubwa. Akanijibu kijana aliyeshika nafasi yake, Hasan, kwa heshima zote: picha haitoshi, linatakiwa daftari lenyewe, na mtu wa karibu wa kuthibitisha mwandiko na kutia saini mbele ya ofisa. Pingamizi zinafungwa baada ya siku nane. Nije ofisini saa yoyote.

"Nimo edani," nikamwambia.

"Pole sana, Bi Nadhira. Basi tutakusubiri umalize."

"Nikimaliza mtakuwa mshafunga."

"Ndio utaratibu, mama."

Nikakaa kitandani na simu mkononi. Nilikuwa nimekalishwa pale pale alipokalishwa Bi Kazija, ndani ya kuta nne, na nje watu wenye adabu wanangoja muda upite. Najua wanazuoni wanasema mjane anaweza kutoka mchana kwa dharura. Lakini mashangazi wa Ubwa, wanaolala chumba cha mbele tangu msiba, hawakusoma kwa wanazuoni hao. Siku ya kwanza tu nilipouliza, mmoja wao alishika kichwa kwa mikono miwili na wa pili akaanza kulia. Wangenirudisha kabla sijavaa kiatu. Na mimi mwenyewe, tuseme kweli, niliogopa. Sikuogopa dhambi, niliogopa mtaa.

Siku nne nilizunguka zunguka ndani ya chumba hiki. Nilizihesabu hatua: kumi na moja kutoka dirishani mpaka mlangoni na kurudi. Siku ya tano nikampigia tena Hasan.

"Kama mimi siwezi kuja, basi njoo wewe."

Alikuja siku moja kabla ya kufunga, saa nne asubuhi. Nilisikia hodi ya kwanza, ya pili, ya tatu. Shangazi mmoja akafungua. Nikamsikia akimuuliza shughuli yake, kisha akamwambia, kwa sauti ya kuhakikisha nasikia, kuwa mwenye nyumba anakaa eda na hapaingiliki.

"Hapana neno, bibi," akasema Hasan. "Hatutaki kumuingilia. Ntazungumza na ofisi, labda watatafuta njia nyengine." Na miguu ikaanza kugeuka. Nilizisikia hatua, moja, mbili, tatu, zikishuka barazani.

Sijui nilisimama saa ngapi. Nilijifunika ukaya mpaka machoni, nikafika kwenye pazia la mlango wa chumba, nikaita kwa sauti ambayo jirani aliisikia.

"Hasan!"

"Naam!"

"Rudi. Hiyo adabu yako naijua, nimeolewa nayo miaka thelathini. Ndiyo iliyomtia mtu wa watu mvuani. Safari hii usizunguke. Pita ndani."

Shangazi alianza kusema lahaula. Nikamwambia, kwa heshima zangu zote, kuwa akae awe shahidi, au akakae jikoni.

Hasan akaingia ukumbini, kainamisha kichwa, akakaa upande wa pili wa pazia. Nikampitishia daftari kwa chini. Akasoma. Niliisikia pumzi yake ikibadilika alipofika kwenye maturubai. Kisha akatoa fomu akaanza kunisomea alichoandika: kwamba mimi, mjane wa marehemu, nathibitisha mwandiko huu ni wake, na kwamba marehemu alitia saini fomu ya mpaka akijua si kweli.

"Andika kuwa alizunguka kwa kumstahi mjane," nikasema.

"Fomu haina pahala pa hilo, Bi Nadhira."

"Hata mstari mmoja?"

"Hata mmoja."

Kalamu ilikuja chini ya pazia, nikaiacha sakafuni kwanza. Miaka thelathini nilijibu kwa jina lake, nikala kwa miguu yake. Nilikuwa nalia na nimeudhika kuwa nalia. Nikatia saini. Nilipoinua uso, penye ufa wa pazia nilimuona Mundhir kasimama kwenye mlango wa nje na sare yake ya kazi. Sijui aliingia lini. Aliinama akalichukua daftari kutoka kwa Hasan.

"Daftari litafuatana na mimi," akamwambia. "Na huo mtaro ntautembea mimi."

Waliutembea siku ile ile, adhuhuri. Mundhir alinihadithia yote, na safari hii alikaa kitandani kwangu. Bi Kazija aliwafungulia mlango wa ua wa nyuma. Kifaa kikaweka nukta zake mtaroni, mpaka kwenye mfenesi, hatua hamsini na nane. Kisha Mundhir akamwambia nani aliyezunguka mara ya mwanzo, na kwa nini, na nani aliyenyamaza, na kwamba mletaji turubai na mnyamazaji ni mtu mmoja. Akamuomba amsamehe baba yake. Bi Kazija aliuangalia mtaro muda mrefu. Akaingia ndani akafunga mlango.

Mpaka ukarekebishwa. Kibali kimetoka mwezi uliopita, na mabati yameshapigiliwa. Wajukuu wake wamekuja kutoka Jambiani kumuezekea. Ofisini jina la Ubwa limeandikwa pale linapoandikwa la mtu aliyesema uongo, na mtaani habari imeshafika, maana wanawake wawili waliokuwa wakija kila Alkhamisi hawaji tena. Mundhir anajua. Ananiletea chai, tunakunywa.

Juzi mvua ya kwanza ya masika imenyesha. Nilikaa dirishani naisikiliza, na kwa mara ya kwanza tangu msiba nilikula nikashiba. Jana asubuhi mjukuu wa Bi Kazija, Shaima, mwanamke mwenye mtoto mgongoni, alibisha hodi akaniletea furushi. Ndani yake mlikuwa na maturubai matatu, yamefuliwa, yamekaushwa, yamekunjwa vizuri pembe kwa pembe.

"Bibi kakwambia ahsante," akasema. "Kakwambia nyumba nshaipata. Kuhusu marehemu, kasema radhi bado naitafuta, na Bi Nadhira asinihimize."

Simhimizi. Nimeyaweka maturubai chini ya kitanda, kando ya sanduku. Kila nikisali naomba alipate hilo analolitafuta, na sina ninaloweza kufanya zaidi. Eda yangu mimi ina siku zake na zitakwisha, mwezi ukiandama. Ya Ubwa iko mkononi mwa Bi Kazija.